Jicho Lililowaka Kwenye Taa ya Chisense

Usiku usio na mwezi ndio usiku wa kazi pale Puta. Jua likishazama upande wa Kongo, wavuvi huwasha taa zao moja moja ufukweni wazijaribu kabla ya kuzipakia mitumbwini, kwa maana chisense, yaani dagaa wa Ziwa Mweru, hufuata mwanga. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi nyingi ni za betri, nyeupe na kali, zikikumulika unafumba macho. Saa moja baadaye ukitazama kutoka nchi kavu unadhani mji umejengwa juu ya maji.

Usiku mmoja wa namna hiyo, mwezi wa Agosti, mwanamke alikuwa amekaa mchangani amempakata binti yake wa mwaka mmoja na miezi kumi. Mumewe akawasha taa, akaigeuza huku na huku kuikagua. Mwanga ukampitia mtoto usoni kwa upande. Jicho la kulia likabaki jeusi. La kushoto likawaka: ndani ya mboni paling'aa weupe wenye manjano kidogo, kama jicho la paka aliyemulikwa njiani. Mtoto akageuza shingo, weupe ukatoweka.

"Baba, umeona?"

"Nimeona nini?"

"Jicho la mtoto. Limewaka."

"Ni hii taa. Mwondoe hapo, itamuumiza."

Mtumbwi ukasukumwa majini.

Kisa hiki nimekisuka mwenyewe. Mwanamke huyu sijampa jina, wala mtoto wake, kwa sababu hayupo mtu mmoja ninayemsimulia. Lakini hakuna hatua hata moja humu ambayo familia za kweli hazijaipita, kwenye ukingo huu wa Mweru na kwenye kingo nyingine za maziwa yetu. Ugonjwa wenyewe unaitwa retinoblastoma. Ni saratani inayoota ndani ya jicho la mtoto mdogo, mara nyingi kabla hajafika miaka mitano. Ni adimu: humpata mtoto mmoja kati ya elfu kumi na sita hadi kumi na nane wanaozaliwa. Muuguzi wa zahanati anaweza kufanya kazi mpaka astaafu asiuone, na hapo ndipo taabu inapoanzia.

Asubuhi yake mwanamke alikwenda kwa mama yake mzazi. Bibi huyo ni mtu wa Pweto, mji wa ng'ambo ya Kongo pale Mto Luvua unapotoka ziwani. Vita vilipoufikia mji huo mwishoni mwa mwaka 2000 alivuka na wengine wengi kuingia Zambia, akaolewa huku, na hadi leo watoto na wajukuu anawasemesha Kiswahili. Alimchukua mjukuu, akamtazama juani, akafungua kope kwa kidole gumba.

"Mbona sioni kitu, mwanangu? Jicho safi kabisa."

"Mama, ni usiku ndiyo linawaka. Kwenye taa."

"Basi ni lile jicho jeupe la zamani. Mpe maziwa, mpe mboga za majani. Sisi tumeona mengi kuliko hilo."

Bibi hakuwa akibuni. Bonde la Luapula limewahi kujulikana kwa madaktari kwa sababu ya upofu wa watoto. Katika miaka ya 1980 watafiti walikuta hapa watoto wengi ambao macho yao yaliharibiwa na ukosefu wa vitamini A, na surua ilipopita juu ya ukosefu huo iliacha makovu meupe. Dawa za majani zilizokamuliwa machoni zikaongeza mengine. Matone ya vitamini A na chanjo ya surua vilipunguza janga hilo, na mwaka 1998 Zambia ikaanza kutia vitamini A katika sukari ya dukani. Kwa hiyo mwanamke wa umri wa bibi huyu, akisikia "weupe jichoni," kumbukumbu yake inakwenda moja kwa moja kwenye ugonjwa anaoujua.

Nasi tusemao Kiswahili tuna mtego wetu wenyewe. Tunasema "mtoto wa jicho," na neno hilo limebeba weupe wote: wa mzee ambaye lenzi yake imeingia ukungu, na wa mtoto ambaye hatujui ana nini. Na mtoto wa jicho, kila mtu atakuambia, husubiriwa. Nimesikia watu wazima wenye elimu wakisema hivyo kwa moyo mweupe, kwamba "likomae kwanza." Ushauri huo umepitwa na wakati hata kwa mzee. Kwa mtoto mdogo ni hatari, maana hata mtoto wa jicho halisi akimpata mtoto mchanga hutakiwa kutolewa mapema, ubongo usije ukasahau kulitumia jicho hilo.

Weupe wa kovu la vitamini A uko juu, kwenye kioo cha mbele cha jicho. Unaonekana mchana, unaonekana kutoka pembeni, na haupotei mtoto akigeuza shingo. Weupe alioona mama huyu ulikuwa nyuma. Mboni ni tundu. Tunaiona nyeusi kwa sababu chumba cha nyuma yake ni giza, kama dirisha la nyumba unalolitazama mchana kutoka nje. Ukimulika taa sawasawa na tundu hilo, mwanga unagonga pazia la nyuma, retina, palipojaa damu, unarudi ukiwa mwekundu. Ndiyo maana picha zilizopigwa kwa taa ya kamera hutoa watu wenye macho mekundu. Lakini uvimbe mweupe ukishaota juu ya pazia hilo, mwanga unarudi mweupe. Unarudi kwa pembe fulani tu, gizani tu, mboni ikiwa imepanuka. Mchana bibi asingeuona hata angetazama hadi jua lizame. Taa ya chisense iliuona.

Mwezi wa Septemba mama alimpeleka mtoto kwenye kituo cha afya. Alisubiri foleni, akaeleza. Mhudumu alitazama kwa macho yake, hakuona wekundu wala usaha, akaandika dawa ya kupaka ya tetrasaiklini. Kwa macho mekundu ya watoto wengi waliokuja asubuhi ile dawa hiyo ilikuwa sahihi. Mama alirudi nyumbani akiwa ametulia, na utulivu huo ulimgharimu miezi miwili. Oktoba jicho la kushoto lilianza kukimbilia puani. Makengeza, watu wakasema; baba mdogo wake naye alikuwa nayo. Makengeza ndiyo dalili ya pili kwa wingi baada ya weupe, kwa sababu jicho lisiloona halina la kulishika, linakwenda linakotaka. Novemba mganga alikamua majani. Desemba ikaingia.

Asiyeijua Desemba ya Mweru hawezi kuielewa hadithi hii. Kila mwaka, tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, serikali huufunga uvuvi ili samaki wazaane. Ni sheria yenye busara, na wavuvi wenyewe wanajua ziwa lingekuwa tupu bila hiyo. Lakini ni miezi mitatu ya mfuko mtupu, tena ya mvua na njia mbovu, wakati mihogo ndiyo inayobaki ndani ya nyumba. Mtu hawezi kusafiri. Saratani haiijui tarehe 1 Machi.

Uvimbe huu unatoka wapi? Si uchafu, wala si moshi wa samaki, wala jicho la jirani. Mwaka 1971 daktari mmoja wa Houston, Marekani, Alfred Knudson, alikaa na majalada ya watoto 48 wenye ugonjwa huu akapiga hesabu za umri wao. Aliona kwamba walioumwa macho yote mawili waliugua mapema zaidi ya walioumwa jicho moja. Kutokana na hesabu hizo alidai kwamba lazima makosa mawili yatokee ndani ya chembe moja ya retina ndipo uvimbe uanze. Mvuvi angeuelezea hivi: mtumbwi umefungwa kwa kamba mbili. Ikikatika moja, haujaenda popote. Zikikatika zote mbili, unachukuliwa na maji. Wengi wa watoto wanaougua huzaliwa na kamba zote mbili, na kwa bahati mbaya tupu chembe moja ya jicho moja hupoteza moja, kisha ya pili. Lakini wengine, kama wanne katika kila kumi, huzaliwa kila chembe ya mwili ikiwa imebakiza kamba moja tu. Wengi wa hao huumwa macho yote mawili, wachache jicho moja tu, na ndio wanaoweza kuwarithisha watoto wao. Jeni yenyewe, RB1 katika kromosomu ya 13, ilipatikana mwaka 1986. Wengi wa watoto hao wenye kamba moja hawana mzazi aliyewahi kuumwa. Kosa lilianza kwao. Hapo hakuna ukoo wa kulaumiwa, na nalisisitiza hili kwa sababu nimeona jinsi mama anavyoachiwa peke yake mzigo wa "upande wenu una nini."

Februari jicho likawa jekundu, mtoto akalia usiku. Machi ziwa likafunguliwa. Baba alivua usiku na mchana, akauza, akakopa. Aprili wakafika Kashikishi, hospitali ya misheni ya St. Paul's, na kutoka pale wakaandikiwa barua ya kwenda mbele. Kutoka Nchelenge kupitia Mansa hadi Lusaka ni kilomita zipatazo 1,000, na Puta iko mbele zaidi ya Nchelenge, kaskazini. Jaribu kuzisafiri na mtoto anayelia ukiwa umekopa nauli ya kwenda tu.

Lusaka ndiko kwenye hospitali ya chuo kikuu yenye madaktari wa macho, na Hospitali ya Saratani iliyofunguliwa mwaka 2007. Mtoto alitiwa matone ya kupanua mboni, akalazwa kwa dawa ya usingizi, maana mtoto wa umri huo hatulii hata kwa pipi. Daktari alilitazama pazia la nyuma pembe zote, jicho la kushoto na la kulia pia. Kipimo cha mawimbi ya sauti kikaonyesha chembechembe za chokaa ndani ya uvimbe, alama ambayo retinoblastoma huiacha mara nyingi. Hawakuchoma sindano kuchukua kinyama. Katika saratani nyingine hicho ndicho kitu cha kwanza. Hapa ni mwiko, kwa sababu tundu la sindano laweza kuwa mlango wa uvimbe kutoka nje ya jicho. Daktari anaamua kwa macho yake na kwa picha, kisha maabara huthibitisha baada ya jicho kutolewa.

Na ndilo neno walilopewa. Jicho litolewe, wiki hii hii. La kulia ni zima. Uvimbe ungali ndani.

Baba alikataa.

Sitamlaani baba huyu, wala sitaki msomaji amlaani. Alichokisikia kilipita kwa mkalimani, na neno "kutoa" lilifika likiwa zima, ila sababu ilifika vipande vipande. Binti yake alikuwa ameketi sakafuni akicheza na kifuniko cha chupa, akicheka. Kwa matone waliyompa maumivu yalikuwa yamepungua. "Nimeleta mtoto mwenye macho mawili," alisema, "nirudi naye na moja? Kijijini nitawaambia nini? Nani atamwoa?" Hakuna aliyeziba jicho la kulia la mtoto kwa kiganja mbele ya baba yake. Angezibwa hilo zima, mtoto angeusukuma mkono na kulia, kwa kuwa dunia ingezimika. Angezibwa la kushoto, angeendelea na kifuniko chake. Baba angeona mwenyewe kwamba jicho analolipigania lilikwisha kufa siku nyingi, na kinachobishaniwa ni uhai.

Hapa ndipo ukatili wa ugonjwa huu ulipo, na ndiyo sababu ya mimi kuandika. Magonjwa mengi humwachia mzazi aamue mtoto akiwa hoi. Kitanda chenyewe kinamshawishi. Huu unadai jicho wakati mtoto bado anacheka. Ukisubiri mpaka usoni mwake uonekane ugonjwa, mpaka kila mtu kijijini akubali kwamba sasa kweli anaumwa, jicho halitoshi tena kuwa fidia. Uvimbe hutambaa na mshipa wa fahamu wa jicho kuelekea ubongoni, au huingia kwenye damu ukafika kwenye uboho wa mifupa.

Walirudi Puta. Mei na Juni zilikuwa nzuri, na watu wakampongeza baba kwa kumwokoa mtoto na kisu. Julai jicho likaanza kutokeza nje. Agosti, mwaka mmoja kamili tangu taa ile, walikuwa tena barabarani kuelekea Lusaka, na mama alikuwa mjamzito wa miezi minne. Safari hii baba aliomba mwenyewe, kwa unyenyekevu uliomuumiza daktari, kwamba jicho litolewe. Madaktari walianza kwanza kwa dawa za saratani za kupitia mshipani, vinkristini na wenzake, ili uvimbe usinyae. Ulisinyaa kidogo. Mtoto alikufa Oktoba.

Mwaka 2020 madaktari kutoka pande zote za dunia walichapisha hesabu ya watoto 4,351 wa nchi 153 waliogunduliwa na ugonjwa huu mwaka 2017. Katika nchi tajiri nusu yao walikuwa wamegunduliwa kabla ya umri wa miezi 14 na kidogo. Katika nchi maskini kabisa, miezi 30 na nusu. Katika nchi tajiri, uvimbe ulikuwa umeshatoka nje ya jicho kwa watoto wasiofika wawili katika kila mia moja. Katika nchi maskini kabisa, kwa karibu nusu yao. Saratani ni ile ile, na katika nchi tajiri karibu watoto wote hupona. Tofauti kubwa ni ile miezi 16.

Na watu wetu wanajua jinsi ya kuipunguza. Kenya waliweka mpango wa taifa wa ugonjwa huu, wakatoa mwongozo wa tiba mwaka 2014, na wakaingiza swali la jicho katika kijitabu cha kliniki ya mama na mtoto, kwamba muuguzi anapopima uzito atazame na mboni. Kusini-magharibi mwa Uganda, katika kituo cha macho cha Ruharo, Mbarara, Dakta Keith Waddell na wenzake walikusanya kwa miaka mingi watoto kutoka kila pembe ya nchi, wakaanza kuwapa dawa za saratani pale pale, kisha wakaandika kwa uwazi nani amepona na nani hakupona. Shirika la Afya Duniani, lilipoanzisha mwaka 2018 mpango wake wa saratani za watoto, liliichagua retinoblastoma iwe miongoni mwa saratani 6 za kuangaliwa kwanza, kwa sababu inaponyeka ikiwahiwa. Vipo hata vifaa vidogo vya kutazamia jicho vinavyochajiwa kwa jua, kama Arclight, vinavyokaa katika kiganja cha muuguzi. Simu ya mkononi iliyowashwa taa ya kamera, katika chumba chenye giza, imeshawashtua akina mama wengi kabla ya daktari.

Kuna watoto wa shule leo Uganda na Kenya wenye jicho moja la kuzaliwa na moja la kutengenezwa, lililochorwa rangi ya mwenzake kwa ustadi hata mwalimu mgeni hukaa muhula mzima asitambue. Laiti baba wa Puta angekutanishwa na mmoja wao, na mzazi wake, pale kwenye benchi la hospitali, siku ile ya Aprili! Naamini dakika kumi za mzazi kwa mzazi, kwa lugha ya nyumbani, zingefanya ambalo mkalimani hakuweza.

Mtoto wa pili alizaliwa mwishoni mwa Januari, ziwa likiwa limefungwa. Mvulana. Mama hakungoja taa. Siku ya saba alimwambia mumewe, "Baba, tunaondoka," na mumewe hakuuliza wapi. Alikuwa ameshauza baiskeli. Alipofikishwa kwa daktari wa macho, mtoto alitiwa matone, akatazamwa jicho moja, likatazamwa la pili, muda mrefu. Kipimo cha jeni hakikuwa karibu, kwa hiyo hapakuwa na njia nyingine ila kutazama na kurudia kutazama.

"Leo yako safi yote mawili," daktari alisema. "Mrudisheni baada ya wiki chache. Kisha tena, na tena."

"Mpaka lini, daktari?"

"Mpaka apite miaka mitano, mama."

Mwanamke alihesabu kwa vidole. Desemba tano za ziwa kufungwa. Alifungua fundo la kitenge, akatoa noti zilizobaki za safari ya kurudi, akatenga moja, akaifunga peke yake kwenye ncha nyingine.